Mwanzo wa Hashomer Hatzair

Chama cha vijana wa Kiyahudi kiitwacho Hashomer Hatzair, maana yake Mlinzi Kijana, kilizaliwa katika jimbo la Galicia, lililokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, kwa kuungana kwa vikundi viwili. Kimoja kilifuata uskauti na matembezi ya porini; cha pili kilisoma historia na lugha ya wahenga wao. Vita Kuu vilipozuka mwaka wa 1914, majeshi ya Urusi yaliingia Galicia, na jamaa nyingi zikakimbilia Vienna. Huko ukimbizini chama kilikomaa.

Katika mwaka wa 1920 wanachama wachache walipiga kambi Bitania, juu ya Ziwa la Galilaya. Mchana walifanya kazi za sulubu. Usiku walifunguliana mioyo. Mwaka wa 1922 maandiko yao na ya wenzao wajenga barabara yalitolewa katika kitabu kiitwacho Kehiliyatenu, yaani Jumuiya Yetu. Ndani yake mna upweke na shaka, si udugu peke yake.

Mwaka wa 1943 Mordechai Anielewicz, aliyelelewa na chama hicho, aliongoza uasi wa geto la Warsaw juu ya Wajerumani, akafa. Tangu hapo ni rahisi kuyaona matembezi yale ya kale kuwa maandalizi ya vita. Lakini kitabu cha 1922 chaonyesha vijana waliotafuta namna ya kuishi pamoja. Basi asomaye kumbukumbu yampasa aulize kwanza ziliandikwa lini, kwani mwisho ukiisha kujulikana, mwanzo husimuliwa vingine.