Nyuki wa porini ni nguzo ya bustani ya nyumbani

Ua la kike la malenge lisipotembelewa na nyuki hunyauka bila kuzaa. Kwa wakazi wa Dundori, Kaunti ya Nakuru, nyuki hao si wa mzinga pekee. Wapo wengi waishio kivyao: baadhi huchimba ardhini, ilhali wengine, wakubwa na weusi, hutoboa mbao. Hawa weusi hutikisa ua la nyanya hadi chavua ikamwagika, kazi isiyowezwa na nyuki wa asali.

Ili kuwavutia, panda pembeni mwa bustani mimea ya kienyeji kama vile mukeu, muthakwa na mukinduri. Acha sehemu ndogo ya ardhi bila kulimwa, pamoja na magogo makavu. Aidha, usinyunyize dawa ya wadudu maua yanapochanua.