Safari ya siku moja hadi maziwa ya Mlima Kenya: Weka saa ya kugeuka kabla ya kuondoka

WAKENYA wengi huufahamu Mlima Kenya kwa vilele vyake: Batian chenye kimo cha mita 5,199, Nelion mita 5,188 na Lenana mita 4,985.

Wachache hufahamu kwamba chini ya vilele hivyo, kati ya nyika na mabonde yaliyochongwa na barafu ya kale, kuna maziwa ambayo baadhi yake mtembezi mwenye afya njema anaweza kuyafikia na kurejea siku iyo hiyo bila kamba wala ujuzi wa kukwea majabali.

Hata hivyo, urahisi huo ndio unaowaponza wengi. Mtu anayekusudia kufika kileleni hujiandaa kwa majuma kadhaa. Anayekwenda ziwani kwa siku moja aghalabu hubeba chupa ya maji na simu, akidhani kwamba anakwenda matembezini. Ilhali baridi, mvua na ukungu wa mlimani havimbagui aliyekuja kwa siku moja na aliyekuja kwa siku tano.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga safari hiyo kwa kutumia njia ya Chogoria, iliyo mashariki mwa mlima katika Kaunti ya Tharaka Nithi.

Chagua ziwa linalolingana na nguvu zako

Maziwa mawili hutembelewa sana upande huu. La kwanza ni Ellis, lililo katika nyika iliyo wazi kwenye kimo cha mita 3,455 hivi. Lango la mbuga la Chogoria liko kwenye kimo cha takriban mita 2,950. Kwa hivyo, anayetoka langoni kwa miguu hupanda yapata mita 500. Hili ndilo ziwa linalomfaa anayejaribu kwa mara ya kwanza.

La pili ni Michaelson, lililo kwenye kimo kinachokaribia mita 4,000, ndani ya bonde lenye magenge marefu ambamo Mto Nithi huanzia. Uzuri wake hausemeki, lakini ni safari ya watu wa aina nyingine. Anayeteremka hadi ufuoni sharti apande tena ili atoke, wakati miguu imekwisha kuchoka. Wengi hulala njiani na kulifikia siku ya pili. Asiyewahi kufika kimo hicho asilifanye kuwa jaribio lake la kwanza.

Upande wa kaskazini mashariki yapo pia maziwa ya Rutundu na Alice, ambayo wageni wake ni wachache zaidi.

Msimu na barabara

Miezi inayofaa ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Mvua ya masika hunyesha Machi hadi Mei, na ile ya vuli Oktoba hadi Desemba.

Mvua haimsumbui mtembezi peke yake. Kutoka mji wa Chogoria hadi langoni ni yapata kilomita 30 za barabara ya msituni, na inaponyesha udongo wake huwa tope linalonasa hata magari yenye nguvu za kuvuta kwa magurudumu yote manne. Uliza hali ya barabara kabla ya kuondoka nyumbani.

Msitu huo una ndovu na nyati. Usianze kutembea kabla ya kupambazuka, na kundi lisitawanyike.

Vibali na kanuna

Eneo hili ni Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya, iliyoanzishwa mwaka wa 1949 na kuorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka wa 1997. Husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ada hulipwa kwa njia ya kielektroniki, wala si kwa pesa taslimu, na hutofautiana kati ya raia, wakazi na wageni. Raia abebe kitambulisho chake.

Usiende peke yako. Ajiri mwelekezi anayeujua upande huo wa mlima. Nyika hii imejaa mafundo ya nyasi yanayofanana, na ukungu ukishuka njia hupotea machoni kwa dakika chache. Simu yenye ramani ni msaada mzuri, lakini betri huisha upesi kwenye baridi na mtandao haupatikani kila mahali. Ramani ya karatasi na dira havihitaji chaji.

Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na maeneo mengine yaliyohifadhiwa nchini. Beba maji katika chupa ya kudumu. Kuwasha moto ovyo pia ni hatari kubwa: mnamo Machi 2012, moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyika na msitu wa mlima huu.

Hewa na baridi

Katika kimo cha mita 4,000, kila pumzi huingiza takriban asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo mtu angeipata akiwa Mombasa. Anayeondoka Nairobi alfajiri na kutaka kufika ziwani mchana huo huo huupa mwili wake kazi ambayo haujaiandalia. Ni bora kulala usiku mmoja karibu na lango, kisha kuanza safari asubuhi.

Dalili za mwanzo za maradhi ya kimo ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa hamu ya kula. Anayepatwa na hayo asipande zaidi. Akianza kupepesuka, kuzungumza maneno yasiyoeleweka au kutweta hata akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, wala asiachwe peke yake hata kidogo. Dawa ya kwanza ni kushuka. Wenye maradhi ya moyo au mapafu, na wajawazito, wapate ushauri wa daktari kabla ya safari.

Ama kuhusu baridi, hesabu upungufu wa nyuzi sita hivi za selisiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Siku ambayo Nairobi ina nyuzi 24, ufuo wa ziwa huenda ukawa na 12, kabla ya kuhesabu upepo na mvua. Usiku, maji huganda.

Nguo ya pamba ikilowa hukaa na maji na kuufyonza mwili joto. Vaa sufu au kitambaa kinachokauka upesi, na ubebe koti lisilopenya maji, sweta nzito, kofia na glavu. Si lazima kutumia pesa nyingi. Nguo nyingi za namna hii hupatikana katika masoko ya mitumba. Viatu viwe vimekwisha kuvaliwa na kuzoeleka, kwani kiatu kipya huchubua mguu.

Katika mkoba weka lita mbili hadi tatu za maji, chakula kisichohitaji kupikwa kama vile mayai ya kuchemsha, njugu, ndizi na viazi vitamu, kurunzi, firimbi, na vifaa vya huduma ya kwanza. Maji ya mito na maziwa yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa.

Hesabu ya saa

Sasa tufikie jambo ambalo ndilo uti wa mgongo wa mpango wote. Nchi yetu imo kwenye ikweta, hivyo mwanga wa mchana ni saa 12 tu mwaka mzima, na jua likishatua giza huingia ghafla.

Mnamo 1892, mpanda milima Mskoti, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano, pamoja na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mfano, njia ya kilomita 10 inayopanda mita 600 huchukua saa tatu. Lakini kanuni hiyo ilitungwa kwa milima mifupi ya Uskoti. Penye hewa hafifu, ongeza angalau nusu yake, na ukadirie mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote katika kundi.

Tuseme mmeanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkigeuka saa sita na nusu mchana, mtakuwa mmepanda kwa saa sita. Mkihitaji saa nne kushuka, mtawasili saa kumi na nusu, mkiwa na akiba ya saa mbili kabla ya giza. Akiba hiyo si ya kupiga picha. Ni ya kifundo kitakachoteguka, ukungu utakaowapotosha au mwenzenu atakayeishiwa na nguvu.

Hali ya hewa nayo inaunga mkono hesabu hiyo. Aghalabu mlima huwa wazi asubuhi, kisha mawingu hupanda kufikia adhuhuri, na alasiri huja na mvua, pengine na radi. Katika nyika isiyo na miti, mtembezi ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Kwa hivyo, saa ya kugeuka iwekwe langoni, wakati vichwa vingali vimetulia, na kila mmoja aikubali. Mkiwa juu, mtaanza kusema kwamba ziwa liko nyuma ya kilima kile tu, kwamba mmetoka mbali, na kwamba ada imekwisha kulipwa. Maneno hayo yote huenda yakawa ya kweli, na bado hayaongezi hata dakika moja ya mwanga.

Mwachie mtu habari

Kabla ya kuondoka, mwandikie jamaa au rafiki jina la lango, ziwa mnalokwenda, idadi yenu, nambari ya gari, na saa ambayo asipopata habari zenu aarifu KWS. Kikosi cha uokoaji mlimani kipo, lakini kina kituo Naro Moru, upande wa pili wa mlima, na huenda msaada ukachukua saa nyingi kuwafikia. Kundi lililobeba nguo za akiba, chakula na kurunzi laweza kuustahimili usiku huo. Lililokuja na shati moja halina hakika hiyo.

Kwa mazoezi, anza na milima ya Ngong, kisha Longonot wenye mita 2,776, ukipima muda wako kila mara. Ukizijua saa zako huko, ndipo utaweza kuziamini katika nyika ya Chogoria. Na iwapo saa ya kugeuka itafika kabla hujaliona ziwa, geuka. Msimu ujao litakuwa papo hapo.