Dua na Sindano: Nafasi ya Imani katika Matibabu ya Ugumba

Mwezi Septemba 2001, jarida la Marekani liitwalo Journal of Reproductive Medicine lilichapisha utafiti uliowashangaza madaktari na kuwafurahisha wahubiri. Wanawake waliokuwa wakipandikizwa mimba katika hospitali moja ya Seoul, Korea Kusini, waligawanywa makundi mawili. Picha za kundi moja zilipelekwa kwa vikundi vya Wakristo huko Marekani, Kanada na Australia ili wawaombee. Kundi la pili halikuombewa. Wanawake wenyewe hawakuambiwa lolote. Watafiti walitangaza kwamba walioombewa walishika mimba kwa asilimia 50, na wasioombewa kwa asilimia 26.

Sifa za utafiti huo hazikudumu. Mwaka 2004 mmoja wa waandishi wake watatu, Daniel Wirth, alikiri kosa la kula njama ya ulaghai katika kesi nyingine kabisa, akahukumiwa kifungo. Mwandishi mwingine, Rogerio Lobo wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliomba jina lake liondolewe. Bruce Flamm, daktari wa uzazi wa California, alitumia miaka kadhaa kuonyesha kasoro za kazi ile, kuanzia mpangilio wake uliokuwa na vikundi vya waombaji juu ya vikundi vya waombaji, hadi ukimya kuhusu ridhaa ya wagonjwa.

Lakini hata kama kila tarakimu ingekuwa ya kweli, wazo lililoubeba utafiti ule lingebaki na hatari yake. Uliichukulia dua kuwa dawa: unaipa kundi hili, unalinyima lile, kisha unahesabu mimba. Dua ikishafanywa dawa, mwanamke ambaye kipimo chake kimerudi bila mimba ana maswali mawili tu ya kujiuliza: aliomba kidogo, au imani yake ni pungufu? Lawama ambayo jamii imemtwika kwa miaka mingi inapata ushahidi mpya. Makala hii inashikilia kwamba imani ina kazi mbili kubwa katika matibabu ya ugumba: kumpa mtu nguvu ya kustahimili, na kumwekea mipaka anapofanya uamuzi. Zote mbili zinahitaji imani iingie katika chumba cha daktari mapema, kabla ya sindano ya kwanza.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Aprili 2023 ilikadiria kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hupitia ugumba katika kipindi fulani cha maisha yake. Kitaalamu, ugumba ni kukosa mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Katika Afrika Kusini mwa Sahara, sababu kubwa ni mirija ya uzazi iliyoziba kutokana na maambukizi ya zinaa, au maambukizi yanayofuata uzazi na utoaji mimba usio salama. Upande wa mwanamume nao una sehemu kubwa, ingawa wanaume wengi hukataa kupima mbegu hadi mke awe amekwisha kuzunguka hospitali na kwa waganga peke yake. Mirija iliyoziba ndiyo hasa iliyowafanya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy kutafuta njia ya kulikutanisha yai na mbegu nje ya mwili. Kazi yao ilizaa matunda tarehe 25 Julai 1978, Louise Brown alipozaliwa huko Oldham, Uingereza. Huduma hiyo ilifika Afrika Mashariki baadaye: watoto wa kwanza wa Kenya waliotokana nayo walizaliwa Nairobi mwaka 2006, kupitia kliniki ya Dkt. Joshua Noreh.

Anayefika kliniki hizo mara nyingi amekwisha kupita kwingine. Katika mwambao, huenda amenywa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mara nyingine yakiongezwa marashi ya waridi, naye akayanywa kwa nia. Kanisani, huenda amepakwa mafuta ya upako, amefunga, amesali novena, amesimamishwa mbele ya waumini kila lilipoitwa jina la Hana, mama wa Samweli. Ajabu ni kwamba kisa cha Hana husimuliwa mno kwa ajili ya mwisho wake, hali kiini chake kiko katikati. Hana alipokuwa akiomba kimoyomoyo huko Shilo, kuhani Eli alimdhania amelewa, akamkemea. Kiongozi wa dini alikosea kumsoma mwanamke mwenye uchungu, na mwanamke huyo alilazimika kujieleza. Katika Kurani, Nabii Zakaria anaomba mrithi akiwa mzee, na katika Surat Ash-Shura imetajwa wazi kwamba Mwenyezi Mungu humjaalia amtakaye kuwa tasa. Aya hiyo haimhesabii aliyekosa mtoto kosa lolote. Mwenye kuisoma kwa makini hana pa kuegemeza lawama.

Hapo ndipo nguvu ya kustahimili inapopatikana, na inahitajika kweli. Mzunguko mmoja wa matibabu una sindano za homoni kwa siku zipatazo kumi, altrasaundi za mara kwa mara, uvunaji wa mayai, kisha upandikizaji wa kiinitete na takriban wiki mbili za kungoja kipimo cha damu. Nchini Uingereza, ambako takwimu hukusanywa kwa sheria, hata wanawake walio chini ya miaka 35 huzaa kwa karibu theluthi moja tu ya viinitete vinavyopandikizwa, na uwezekano hushuka sana baada ya miaka 40. Hapa kwetu gharama hutoka mfukoni, na ni laki kadhaa za shilingi za Kenya kwa mzunguko mmoja. Mtu anayepita humo anahitaji mahali pa kuweka hofu ambapo haitegemei matokeo ya maabara. Swala, rozari na jumuiya ndogondogo zinaweza kuwa mahali hapo, mradi asiambiwe kwamba anayetumia dawa amekosa imani. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimwelekeza Bedui amfunge ngamia wake kisha atawakali; kwa mgonjwa wa ugumba, kufuata ratiba ya sindano ni sehemu ya kutawakali.

Kazi ya pili, ya mipaka, ina mambo mengi zaidi na inazungumzwa kidogo mno. Mwezi Machi 1980, Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haq Ali Jad al-Haq, alitoa fatwa iliyoruhusu upandikizaji mimba ikiwa yai ni la mke, mbegu ni ya mume, na ndoa ingalipo. Mbegu au yai la mtu wa tatu likakatazwa kwa ajili ya kulinda nasaba. Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), Makka, lilikubali mwaka 1984 kwamba mke mwenza anaweza kumbebea mwenzake mimba, kisha mwaka 1985 likaibatilisha ruhusa hiyo. Nchini Iran, kwa Washia, mambo yalikwenda njia nyingine: Ayatollah Khamenei aliruhusu yai la kupewa mwaka 1999, na bunge likapitisha sheria ya kutoa viinitete mwaka 2003. Waislamu wa Sunni na Washia wa Khoja Ithna'asheri wanaweza kuketi katika foleni moja Dar es Salaam au Mombasa, na jibu la mmoja lisiwe jibu la mwenziwe. Daktari asiyejua hilo atatoa ushauri usiofaa kwa nia njema kabisa.

Mfano mdogo unaonyesha jinsi jambo hili linavyogusa siku hadi siku. Baada ya kiinitete kupandikizwa, wanawake wengi hupewa projesteroni ya kuweka ukeni, pengine mara tatu kwa siku, ili ukuta wa mfuko wa uzazi uishike mimba. Ramadhani ikiingia katikati, swali linazuka: je, inafunguza? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, lilisema dawa za kuwekwa ukeni hazibatilishi saumu. Lakini katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa mwambao wetu, msimamo unaojulikana ni kwamba kinachoingizwa mwilini kwa njia iliyo wazi kinafunguza. Mwanamke anayeona aibu kumuuliza sheikh na anayeogopa kumuuliza daktari huenda akaruka dozi za mchana kimyakimya. Angeuliza, angeelezwa kwamba anaweza kufuata rai ya Jeddah, au kuitumia ruhusa ya mgonjwa na kulipa siku baadaye, au kumwomba daktari aina ya sindano. Njia zipo tatu, na zote zinataka mazungumzo.

Kwa Wakatoliki swali ni zito zaidi. Hati ya Vatikani ya Donum Vitae, ya tarehe 22 Februari 1987, inakataa utungaji mimba wa maabara hata kwa mke na mume, kwa hoja kwamba mtoto asitenganishwe na tendo la ndoa na kwamba kiinitete kina hadhi ya utu. Inaruhusu tiba inayolisaidia tendo hilo, kama vile upasuaji wa mirija na dawa za kupevusha mayai. Kuna hata utaratibu wa kupata mbegu za kupima kwa kondomu yenye tundu, wakati wa tendo la ndoa lenyewe. Wanandoa wengi hawaambiwi kwamba njia hizi zipo. Husikia katazo tu. Tena, pale wanapoamua kwenda maabara, hawana wa kuzungumza naye juu ya viinitete vitakavyobaki na kugandishwa, ilhali wangeweza kuomba mayai machache tu yarutubishwe ili pasibaki kitu. Ombi hilo linapunguza uwezekano wa mimba, na daktari anapaswa kusema hivyo waziwazi, lakini linatekelezeka. Ifahamike pia kwamba mwaka 1978 Kardinali Albino Luciani, aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo wa Kwanza, alieleza wasiwasi wake juu ya utungaji mimba wa maabara na wakati huohuo akamtakia heri mtoto Louise Brown na kukataa kuwahukumu wazazi. Padri wa parokia anaweza kushika mafundisho yake na kuwa na moyo huohuo.

Kwamba dini na maabara vinaweza kufanya kazi pamoja kumeonekana Israeli. Taasisi ya PUAH ya Yerusalemu huwaweka wanawake wasimamizi ndani ya maabara za uzazi. Msimamizi huketi karibu na mtaalamu, hufuatilia majina kwenye vyombo, huona mbegu ya nani inawekwa na yai la nani, ili wanandoa wa Kiyahudi wenye kushika dini wawe na uhakika hakuna kilichochanganywa. Hofu ya kuchanganywa si ya Wayahudi peke yao. Mwanaanthropolojia Marcia Inhorn, aliyefanya utafiti wa miaka mingi Misri na Lebanon, aliikuta kwa wagonjwa Waislamu waliotaka daktari mcha Mungu kwa sababu hiyohiyo: uchamungu wa daktari ulikuwa dhamana yao ya kitaalamu.

Nchini Kenya, mbunge Millie Odhiambo amekuwa akipigania mswada wa kuisimamia huduma ya upandikizaji mimba. Sheria ya namna hiyo inahitajika, nayo itakuwa na upungufu ikiwa haitaitaka kliniki imuulize kila mgonjwa, kwa maandishi, dini yake inamwekea masharti gani kuhusu mbegu, yai, kugandisha na kutupa viinitete. Mabaraza ya maulamaa na ofisi za maaskofu nazo ziandae majibu mafupi kwa Kiswahili, yanayoweza kusomwa na mke na mume wakiwa nyumbani. Na anayesimama mimbarini au madhabahuni kumwahidi mwanamke mtoto kabla ya mwaka kwisha, au kumwambia aache dawa ili imani yake ionekane, aache leo. Umri wa mayai hausubiri, na mwaka anaopoteza mwanamke wa miaka 38 hakuna kliniki inayoweza kumrudishia.