Taa nyekundu ya runinga: Kwa nini mashine iliyozimwa haijalala

ASUBUHI ya Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 jijini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, yamkini ni runinga chache zilizosalia zimezimwa huko Kaptagat, nje ya Eldoret, anakofanyia mazoezi. Kilichoziwezesha kuwaka kwa kubonyezwa kitufe kimoja tu ni saketi ndogo ambayo mafundi huiita standibai. Kazi yake ni kukesha.

Wengi hudhani kwamba rimoti hukata umeme. La hasha. Rimoti hutuma mwanga usioonekana kwa macho, na ili mwanga huo upokelewe, ni lazima kipokezi na kichakataji kidogo ndani ya runinga viwe macho. Taa nyekundu ni ishara ya mkesha huo.

Umeme wa Kenya hufika kwenye soketi ukiwa wa volti 240, nao hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Baada ya kupita kwenye fyuzi, hukutana na dayodi nne zinazouelekeza upande mmoja, kisha hujaza kapasita kubwa hadi takriban volti 340. Hapo saketi ya standibai huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha katika transfoma ndogo. Kasi hiyo ndiyo huruhusu transfoma iwe ndogo kiasi cha kutoshea kiganjani. Upande wa pili hutoka volti 5 hivi, zinazotosha kulisha kichakataji. Kijenzi kingine hurudisha habari kwa njia ya mwanga, bila waya kugusana, ili volti hizo zisipande wala kushuka. Ukibonyeza rimoti, kichakataji huamuru ugavi mkuu uanze kazi. (Runinga kadhaa bapa za siku hizi zina ugavi mmoja unaofanya kazi zote mbili.)

Kwa kuwa haipumziki, saketi hii huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kupata dhara. Umeme unapopotea na kurejea kwa kishindo, au radi inapopiga karibu na nyaya, jambo lisilo geni katika nyanda za juu majira ya mvua, msukumo huingia hata kama skrini ni nyeusi. Kapasita nazo huzeeka: huvimba kichwani au kukauka, taa ikaanza kupepesa au kutowaka kabisa. Mara nyingi kasoro ni ya kapasita ya bei ndogo, ilhali mwenye runinga huambiwa anunue nyingine.

Gharama ya mkesha imepungua. Runinga inayotumia wati 5 ikiwa standibai mchana kutwa na usiku kucha hula takriban uniti 44 kwa mwaka. Ya nusu wati, kiwango ambacho Umoja wa Ulaya ulianza kukidai mwaka wa 2013 kwa vifaa vingi vya nyumbani, hula uniti 4 na ushei.

Mawingu ya ngurumo yakitanda, au umeme ukipotea, chomoa plagi pamoja na waya wa antena. Usifungue kifuniko mwenyewe: kapasita kubwa yaweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa, na fundi mzoefu huumaliza na kuupima kwanza kabla ya kugusa chochote.