Barnaba Mdhamini: Kutia Moyo na Gharama Yake

Katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, kitenzi kimoja cha Kigiriki, parakaleo, kimefasiriwa kwa maneno kadhaa. Wathesalonike wanahimizwa kufarijiana (1 Thes. 5:11), Waebrania kuonyana kila siku (Ebr. 3:13), na Warumi wanatajiwa mwenye karama ya kuonya (12:8). Asiyejua Kigiriki atadhani hizi ni kazi mbili: mmoja anafuta machozi, mwingine anakemea. Kwa waandishi wa Agano Jipya ilikuwa kazi moja. Sisi tumebaki na nusu yake. Kutia moyo kwetu kumekuwa maneno matamu baada ya ibada, makofi, na ahadi kwamba yote yatakuwa sawa.

Ili kuiona kazi hiyo ikiwa nzima, tumtazame Yusufu, Mlawi wa Kipro, ambaye mitume walimwita Barnaba. Luka anaeleza maana ya jina hilo kwa neno paraklesis, lenye shina lilelile. Ajabu ni kwamba kitabu cha Matendo ya Mitume hakituwekei hata hotuba moja ndefu ya Barnaba. Tunachopewa ni matendo yake. Anauza shamba na kuweka fedha miguuni pa mitume (4:37). Wanafunzi wa Yerusalemu wanapomkimbia Sauli (ndiye Paulo), mtesi wao wa jana, yeye anamchukua hadi kwa mitume na kusimulia jinsi huyo alivyomwona Bwana njiani (9:27). Baadaye anamfuata hadi Tarso, anamleta Antiokia, nao wanafundisha pamoja mwaka mzima.

Neno la Kiswahili linalomfaa mtu huyu ni mdhamini. Anayemwekea mwenzake dhamana, mahakamani au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA), anajua kwamba mkopaji akitoroka, deni litabisha hodi kwake. Sauli angegeuka kuwa mpelelezi, jina la Barnaba lingeharibika pamoja na usalama wa kanisa. Kwa hiyo nadai kwamba kutia moyo kusikomgharimu anayetia moyo hakujafika kwenye paraklesis, hata kukiwa na nia njema kiasi gani.

Pingamizi lenye uzito linatokana na habari za Yohana Marko. Kijana huyu aliwaacha Barnaba na Paulo safarini, huko Pamfilia, akarudi Yerusalemu (13:13), na Barnaba alipotaka kumchukua tena, Paulo alikataa. Wakolosai 4:10 inatuambia kwamba Marko na Barnaba walikuwa ndugu wa ukoo. Je, huu haukuwa upendeleo tu? Paulo alikuwa na hoja, na singependa kuipuuza, maana makanisa yetu yanajua vizuri madhara ya kulindana kwa udugu. Hata hivyo, Barnaba hakumfichia Marko kosa wala hakumpa cheo cha kupumzikia. Alimrudisha kwenye kazi ileile iliyomshinda, akasafiri naye, na gharama yake ilikuwa kuachana na Paulo, rafiki aliyekuwa amemwekea dhamana zamani.

Barnaba mwenyewe hakuepuka upungufu wa karama yake. Petro alipojitenga na meza ya watu wa Mataifa huko Antiokia, Barnaba naye alichukuliwa na mkondo (Gal. 2:13). Naona hapo hatari ya mtu mwenye moyo wa kupokea kila mtu: alihitajika kuonya, akanyamaza, na walioumia ni wageni walewale aliokuwa amewapokea.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kutilia mkazo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, waliweka msingi wa mahali ambapo dhamana ya namna hii inawezekana. Katika nyumba kumi au kumi na tano watu wanajua nani ameanguka na nani ameacha kuja. Parokiani, kwenye mabenchi mia, anayetoweka anaweza kumaliza mwaka bila kuulizwa. Lakini ujirani peke yake hautoshi. Jumuiya inayokusanya michango ya misiba na harusi tu, huku ikimkwepa aliyetoka gerezani au msichana aliyepata mimba shuleni, imekataa kusaini dhamana.

Baada ya Barnaba kupanda chombo na Marko kwenda Kipro (15:39), kitabu cha Matendo hakimtaji tena. Simulizi inafuatana na Paulo. Marko ndiye anayeonekana tena, katika barua ya pili kwa Timotheo: Paulo yumo kifungoni, karibu wote wameondoka, naye anaomba aletewe kijana yuleyule aliyemkataa, kwa sababu anamfaa kwa utumishi.