Historia ya Hesabu ya Msokoto wa Boriti

Boriti ya feleji ikitwishwa mzigo ulio kando ya mhimili wake haipindi tu, bali husokotwa pia, mfano wa nguo inayokamuliwa maji. Msokoto huo huzaa mkazo ndani ya chuma, na mjenzi hana budi kuujua mapema.

Katika mwaka wa 1784 Mfaransa Charles Augustin Coulomb alipima msokoto wa waya. Aliona ya kuwa nguvu isokotayo huongezeka kadiri ya pembe ya msokoto. Tena kipenyo cha waya kikiwa mara 2, nguvu itakiwayo huwa mara 16.

Kanuni hiyo ni kweli kwa kitu cha mviringo. Lakini Claude Louis Navier, katika masomo aliyoyachapisha mwaka wa 1826, aliitumia hata kwa nondo za pembe nne. Alidhani kwamba kila mkato hubaki bapa unaposokotwa. Basi mkazo mkubwa kabisa ungekuwa penye pembe, zilizo mbali zaidi na katikati.

Katika mwaka wa 1853 Barré de Saint-Venant aliiletea Akademia ya Sayansi ya Paris maandishi yaliyothibitisha kinyume chake. Mkato usio wa mviringo hubenuka. Penye pembe hapana mkazo wo wote, na mkazo mkubwa uko katikati ya upande mrefu. Wala tofauti si ndogo. Bamba la feleji lenye upana wa milimita 200 na unene wa milimita 10, likihesabiwa kwa dhana ya Navier, huonekana gumu kusokotwa mara 100 hivi kupita lilivyo. Boriti yenye umbo la herufi I ni mabamba matatu ya namna hiyo yaliyoungana, na ndiyo maana ni dhaifu mbele ya msokoto.

Hesabu za Saint-Venant zilikuwa ngumu kwa maumbo mengi. Katika mwaka wa 1903 Mjerumani Ludwig Prandtl alipata njia ya kuyaona kwa macho: utando wa sabuni hutandwa juu ya tundu lenye umbo la mkato, ukavimbishwa kidogo; penye mteremko mkali ndipo penye mkazo mkubwa. Mwaka wa 1917 Waingereza A. A. Griffith na G. I. Taylor walipimia sehemu za ndege kwa utando huo.

Hivyo kosa la Navier halikuwa la hesabu, bali la kudhani kwamba lililo kweli kwa mviringo ni kweli kwa kila umbo.