Wafumaji wa Banaras na Hariri Wasiyoivaa

Ndugu msomaji, katika miji yetu ya pwani hakuna asiyeijua sari. Tumewaona mabibi wa Kihindi wakiivaa katika harusi zao, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, hariri nyekundu iliyojaa maua ya zari. Mtu akatazama, akasema, "Hilo ni vazi la Mabaniani," na maneno yakesha hapo. Ni kweli kuwa wavaaji wake wengi ni wao. Lakini je, umepata kuuliza ni nani aliyeifuma?

Sari ambayo bibi harusi wa Kihindu wa Kaskazini ya India hutamani kuolewa nayo hutoka Banaras, mji ulio ukingoni mwa mto Ganga, ambao kwa jina la serikali huitwa Varanasi. Mji huo kwa Wahindu ni mtakatifu mno. Na wengi katika wanaoifuma sari hiyo ni Waislamu, wakaao mitaa ya Madanpura, Alaipura na Lallapura, ambao siku ya Ijumaa husimamisha kazi wakaenda kuswali. Baba hufuma, mwana hufuma, na mjukuu hukua akisikia mlio wa kitanda cha kufumia kabla hajajua kusema.

Zamani watu hawa waliitwa Julaha, neno la asili ya Kifarsi lenye maana ya mfumaji. Jina hilo likageuzwa kuwa tusi. Wenye vyeo na nasaba waliwadharau, kana kwamba mwenye kula kwa mikono yake ni duni kuliko mwenye kula kwa mikono ya wenziwe. (Nasi hapa kwetu tusijitie usafi, twajua jinsi baadhi ya watu walivyokuwa wakimtazama mvuvi na msusi wa makuti.) Mwanzoni mwa karne ya 20 wafumaji walilikataa jina lile, wakajiita Ansari, wakijinasibisha na Answari wa Madina waliompokea Mtume (S.A.W.). Na katika jamaa hiyo hiyo ya wafumaji wa Banaras ndimo alimokulia Kabir, mshairi wa karne ya 15, ambaye mpaka leo Wahindu na Waislamu kila mmoja humdai kuwa ni wake.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Katika sheria yetu hariri safi ni halali kwa wanawake, na wanaume wamekatazwa kuivaa. Basi mwanamume wa Madanpura hupitisha umri wake wote akiishika hariri kwa vidole vyake, na yeye mwenyewe havai. Na mkewe, ambaye kwake ni halali, aghlabu hana uwezo wa kuinunua. Wafumaji wa India walikuwa na akili hata katika mambo haya ya sheria: huko Gujarat hufumwa nguo iitwayo mashru, ambayo juu ni hariri na chini, upande ugusao mwili, ni pamba. Jina lake ni la Kiarabu, maana yake ni kile kilichoruhusiwa na sheria.

Sifa ya nguo za Banaras ni ya kale. Vitabu vya Mabudha vyataja nguo za Kasi, nalo ni jina jingine la mji huo. Lakini hariri yenye nakshi za zari ilipanda daraja khasa katika enzi ya wafalme wa Kimogholi, ambao majumba yao yalitaka nguo ya kimkhwab, yaani hariri nzito iliyofumwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Mwaka 1665, zama za mfalme Aurangzeb, alipita hapo mfanyabiashara wa Kifaransa, Jean-Baptiste Tavernier, akaeleza aliyoyaona. Alisema palikuwa na nyumba kubwa ya wasafiri, na ndani yake baraza zilimouzwa nguo za pamba na za hariri, na kwamba wengi wa wauzaji walikuwa ndio mafundi wenyewe walioifanya kazi, hata mgeni akanunua moja kwa moja katika mkono uliofuma. Lakini nguo haikuwekwa sokoni ila imekwisha kupigwa muhuri wa mfalme; asiyepiga muhuri alitozwa faini na kuchapwa.

Yashike maneno hayo, ndugu msomaji, kwani tutayarudia.

Ama kazi yenyewe, si rahisi kuieleza mtu akafahamu mpaka aione. Hariri hailimwi Banaras. Hutoka zaidi jimbo la Karnataka, kusini ya India, na nyingine huletwa kutoka China. Uzi hupikwa ili utoke utomvu wake, hutiwa rangi, kisha hutandwa maelfu ya nyuzi za mtande, zile zipitazo kwa urefu. Kitanda huwekwa juu ya shimo lililochimbwa katika sakafu ya nyumba. Mfumaji huketi ukingoni, miguu yake imo shimoni ikikanyaga mbao za kuinua na kushusha nyuzi, na mikono yake hupitisha mshindio kutoka upande huu hata upande huu.

Ua halichorwi juu ya nguo, wala halitarizwi kwa sindano kama kofia zetu. Ua huzaliwa pamoja na nguo. Zamani palikuwa na fundi wa peke yake aitwaye nakshaband, mfunga nakshi, ambaye alilichora ua katika karatasi, kisha akalifunga kwa nyuzi katika kifremu kidogo, kila uzi mahali pake; na nyuzi zile zilipofungwa kitandani, kijana msaidizi alizivuta kwa zamu na mfumaji akapitisha zari. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaingia mashine ya Jacquard, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1804, ambayo huongozwa na kadi zilizotobolewa matundu. Kijana yule akapoteza kazi. Nakshaband naye, ambaye elimu yake ilikuwa vidoleni, akabaki na wanafunzi wachache.

Zari ya asili ilikuwa waya mwembamba wa fedha, ukabanwa ukawa bapa, ukazungushiwa uzi wa hariri na kupakwa dhahabu; ndiyo maana neno hili tunalolitumia kwa nakshi za majoho asili yake ni neno la Kifarsi la dhahabu. Kuna njia mbili za kuliweka ua. Katika njia moja uzi wa zari hurushwa kutoka pindo hadi pindo, na sehemu zisizotakiwa zikaning'inia nyuma ya nguo, zikakatwa baadaye. Katika njia ya pili, iitwayo kadhwa, kila ua hufumwa peke yake kwa vijiti vidogo vyenye uzi wake, ua kwa ua, mstari kwa mstari. Hii ndiyo ya taabu. Sari moja ya namna hii, yenye urefu wa kiasi cha mita tano na nusu, yaweza kuchukua miezi.

Na wanawake? Hawatajwi, lakini wamo. Ndani ya nyumba, mama na mabinti ndio wanaozungusha nyuzi katika vijiti, na ndio aghlabu wanaokata zile nyuzi za nyuma, wakiinamia nguo mpaka macho yakaingia kiwi. Kazi hii huhesabiwa kuwa ni ya nyumba, basi haina ujira.

Sasa turudi kwa Tavernier. Yule fundi aliyesimama barazani na nguo yake mwenyewe hayuko tena, au yupo kwa nadra. Katikati yake na mnunuzi wameingia watu. Yupo mwenye vitanda ampaye hariri na kumlipa kwa sari; na juu yake yupo tajiri wa soko, aketiye juu ya godoro lililotandikwa shuka nyeupe, katika vichochoro vya Kunj Gali. Mfumaji hupeleka sari iliyokwisha. Hutafutwa kosa, na kwa kila kosa hukatwa katika ujira. Mara nyingi alipewa hundi ya tarehe ya mbele, na akitaka fedha leo kwa sababu watoto hawajala, ilimlazimu kuiuza hundi ile kwa hasara. Wala usidhani kuwa dhalimu ni Baniani peke yake. Wako wenye vitanda walio Waislamu, wenye kuswali safu moja na wafumaji wao, ambao hukata vile vile.

Kisha zikaja mashine za umeme, na nguo za Surat za nyuzi zisizo hariri, na baada ya India kufungua milango ya biashara mwaka 1991 na miaka iliyofuata, zikaingia nguo za China zilizoiga maua ya Banaras. Zote ziliuzwa kwa jina la Banarasi. Wafumaji wengi waliacha vitanda vyao wakaenda Surat na Bangalore kuwa vibarua. Wengine waliobaki walishikwa na kifua kikuu katika vyumba visivyo hewa. Sisi wa pwani twajua mwisho wa mambo haya. Katika karne ya 16 padri wa Kireno, Monclaro, aliiandika Pate kuwa ni mji ufumao nguo za hariri ambazo Wareno walizinunua kwa biashara. Leo nenda Pate ukatafute kitanda kimoja.

Mwaka 2009 Serikali ya India iliandikisha kisheria jina la nguo za Banaras, lisitumiwe ila kwa zilizofumwa katika wilaya sita: Varanasi, Mirzapur, Chandauli, Bhadohi, Jaunpur na Azamgarh. Sheria ni njema, lakini duka liko mbali na hakimu. Basi ukionyeshwa sari ukaambiwa ni ya mkono, igeuze utazame mgongo wake. Ya kadhwa haina nyuzi zilizokatwa. Kila ua limejifunga lenyewe.

Na kila mwaka, katika mwezi wa Aghan wa kalenda ya Kihindi, karibu na Novemba na Disemba, wafumaji wa Banaras huchagua Ijumaa moja, wakafunga vitanda vyote, wakaenda kuswali pamoja na kuomba baraka katika rizki yao. Wakitoka hununua miwa, wakawapelekea watoto nyumbani.